Safu ya Pili: Kuchagua Zana za Kufundishia Haki za Mtoto

Mhadhara kwa wakufunzi na walimu wanafunzi wa chuo cha ualimu



Ukifungua daftari la Uraia na Maadili la mwanafunzi wa darasa la tano, mara nyingi utakuta jedwali lenye safu mbili. Kushoto pameandikwa "Haki", kulia pameandikwa "Wajibu". Mstari wa kwanza: mtoto ana haki ya kupata chakula, na mkabala wake, mtoto ana wajibu wa kusaidia kazi za nyumbani. Mstari wa pili: haki ya kupata elimu, na mkabala wake, wajibu wa kusoma kwa bidii. Wa tatu: haki ya kulindwa, na mkabala wake, wajibu wa kuwaheshimu wazazi na walimu. Jedwali linapendeza, ni rahisi kulitungia mtihani, na mwalimu hulichora ubaoni kwa dakika chache tu. Nimekuja kuwaomba muache kulichora.

Mtoto anayelinakili jedwali hilo hujifunza kwamba haki ni malipo. Asiyefagia uwanja hastahili kula. Anayeshika mkia darasani amejipotezea shule mwenyewe. Msichana aliyemjibu mjomba wake kwa ukali hana wa kumlinda mjomba huyo akimgeukia kwa ubaya. Hakuna sheria ya Tanzania wala ya Kenya inayosema hivyo, wala mkataba wowote tuliouridhia. Mtoto mchanga wa siku tatu hana wajibu hata mmoja anaoweza kuutimiza, na haki zake ni zilezile alizonazo kaka yake mwenye miaka 16.

Nimeanza na jedwali kwa sababu kasoro yake hujirudia kwenye chati, kadi, nyimbo na vitabu vya ziada tunavyovipeleka darasani. Haki humdai mtu. Mtoto akiwa na haki ya kutibiwa, yupo anayepaswa kumfikisha zahanati na yupo anayepaswa kumtibu akifika. Akiwa na haki ya kuandikishwa azaliwapo, yupo mzazi wa kwenda kumwandikisha na ipo ofisi ya kutoa cheti, ambayo kwa Tanzania Bara ni RITA. Hao ndio wanaostahili kuandikwa katika safu ya pili. Kwa hiyo nikipewa zana yoyote ya kufundishia haki za mtoto, iwe kitabu, filamu au karatasi ya manila iliyochorwa kwa mkono, jambo la kwanza ninalolitafuta ni hilo: inamtaja anayedaiwa? Kama haimtaji, je, inamwachia mwanafunzi nafasi ya kumtafuta? Zana isiyofanya hata moja kati ya hayo ni pambo la ukuta.

Najua pingamizi linalokuja, kwa sababu hulisikia kila ninapoyasema haya. Watu huuliza: sisi Waafrika tangu lini tukamlea mtoto kwa haki bila wajibu? Hushika Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa Addis Ababa Julai 1990, wakafungua Ibara ya 31. Wana haki ya kuufungua, maana ibara hiyo ipo na ni yetu. Inasema mtoto ana majukumu kwa familia yake, kwa jamii na kwa dola, na kwamba awaheshimu wazazi, wakubwa na wazee, na awasaidie wanapohitaji. Lakini isomeni yote. Inasema majukumu hayo ni kwa kadiri ya umri na uwezo wa mtoto, na ndani ya mipaka ya Mkataba wenyewe. Hakuna mahali inaposema asiyeyatimiza anapokonywa haki. Majukumu ya mtoto ni somo halali, tena somo zuri, ila lipewe kipindi chake. Lisibanwe mkabala na haki kana kwamba moja ni bei ya jingine.

Hata hazina yetu wenyewe, ukiitazama vizuri, inawasaidia ninyi walimu. Pelekeni darasani methali hii: mchelea mwana kulia hulia yeye. Waulizeni wanafunzi wa darasa la sita, methali hii inamwonya nani? Watajadiliana, na baada ya muda wataona kwamba anayeonywa ni mzazi. Yeye ndiye anayeambiwa asikwepe kazi ngumu ya malezi, na yeye ndiye atakayelia akiikwepa. Kwa miaka mingi tumeitumia kama hati ya kumiliki fimbo, na fimbo haimo. Ubao, chaki na methali moja vimetosha kwa dakika arobaini, na mwenye wajibu ametajwa.

Sasa nizungumzie vitabu. Kitabu cha kiada hamkichagui ninyi. Tanzania huidhinishwa na Taasisi ya Elimu, Kenya na KICD, na mtakikuta shuleni. Uhuru wenu uko kwenye ziada, na hapo pana utajiri ambao walimu wengi wa Uraia hawaugusi kwa kudhani ni mali ya mwalimu wa Kiswahili. Kwangu mimi, zana bora kuliko zote ya kufundishia haki za mtoto katika sekondari zetu ni riwaya ya Emmanuel Mbogo, Watoto wa Mama Ntilie. Mama anapika na kuuza chakula jijini Dar es Salaam, mumewe ni mlevi, na watoto wao, Peter na Zita, wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Kuanzia hapo mlango mmoja ukifungwa, mwingine unafunguka kuelekea pabaya: jalalani, kwenye makundi, kwenye dawa za kulevya.

Uzuri wa riwaya hii kwa somo letu ni kwamba haimwachii msomaji mkosaji mmoja wa kumtupia lawama zote. Gaweni darasa katika vikundi, na kila kikundi kiorodheshe watu wote waliodaiwa kitu na Peter na Zita wasikitoe. Baba atatajwa kwanza, na hilo ni sawa. Kisha atatajwa mwalimu aliyewatoa darasani. Hapo darasa hunyamaza kidogo, wanafunzi wakakutazama. Usiwaokoe na ukimya huo. Acha waendelee: mkuu wa shule, kamati ya shule, majirani waliowaona watoto wakizurura saa za masomo, serikali iliyoweka ada. Mwanafunzi mmoja atasema siku hizi ada haipo, na ni kweli, kwani tangu Januari 2016 elimumsingi katika shule za serikali Tanzania hutolewa bila ada. Basi muulize kuhusu sare, daftari na michango. Hapo riwaya ya mwaka 2002 inakuwa habari ya leo, na safu ya pili inajazwa na wanafunzi wenyewe.

Walimu wa Kenya wanayo Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ambamo mtoto Dick anaibwa na kutumikishwa katika kubeba dawa za kulevya. Zoezi ni lilelile. Wanaofundisha fasihi ya Kiingereza Tanzania wanaijua Takadini ya Ben Hanson, hadithi ya mama anayekimbia na mwanawe mwenye ualbino kwa sababu mila ya kwao haimruhusu aishi. Ifundisheni kwa uangalifu mkubwa kama mna mwanafunzi mwenye ualbino darasani. Mwulizeni kwanza, faraghani, kama yuko tayari kuisikia ikisomwa kwa sauti mbele ya wenzake, na akikataa, chagueni nyingine. Kwa wadogo zaidi, wale wa shule ya msingi, katuni za Sara zilizotengenezwa na UNICEF kwa ajili ya mashariki na kusini mwa Afrika miaka ya 1990 bado zinafaa mno. Sara ni msichana anayetaka kubaki shuleni, na katika visa vyake hutafuta mtu mzima wa kumwendea. Nazisifu kwa sababu hiyo hasa: mtoto yule ana akili na ujasiri, lakini hadithi haimwachii mzigo wote abebe peke yake.

Kuna zana za aina nyingine zinazopendwa sana na ambazo nawaomba mziogope. Ni picha za watoto wanaolia, wenye nguo zilizochanika, wenye majeraha. Mashirika huzitumia kuombea fedha, kisha zinaishia kwenye kuta za madarasa yetu. Mtoto aliye pichani hakuulizwa. Mtoto aliye darasani, ambaye kwao mambo ndivyo yalivyo, anajiona ametundikwa ukutani. Kwa sababu hiyohiyo, zana yoyote inayomtaka mwanafunzi asimulie mbele ya wenzake jambo baya lililompata ifungieni kabatini. Swali la "nani kati yenu amewahi kupigwa nyumbani?" halifai hata kama limechapishwa kwenye mwongozo wenye nembo tatu. Tumieni mhusika wa hadithi. Mwanafunzi mwenye jambo lake atalisema kupitia mhusika huyo, na kama anataka kulisema kwa jina lake, atakufuata baadaye ofisini.

Nije kwenye sheria zenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989 na una ibara 54. Ibara ya 42 inazitaka nchi wanachama kuzitangaza kanuni zake kwa watu wazima na kwa watoto pia. Maana yake ni kwamba mwalimu anayefundisha haki za mtoto anatekeleza wajibu wa dola, na asiogope kuambiwa analeta mambo ya wazungu. Mwaka 2019, Mkataba ulipotimiza miaka 30, UNICEF ilitoa toleo la lugha nyepesi lenye alama ya picha kwa kila ibara. Ni chati nzuri kwa macho ya mtoto, lakini haimtaji mtendaji wa kijiji wala afisa ustawi wa jamii, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya dunia nzima. Kazi ya kuimalizia ni yenu.

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Zanzibar wanayo yao ya mwaka 2011, na Kenya wana Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Angalieni miaka hiyo kabla hamjanakili chati ya zamani, maana Kenya bado kuna kuta zinazonukuu sheria ya mwaka 2001 ambayo imeshafutwa. Tanzania zipo chati na vijitabu vilivyochapishwa wakati msichana aliyepata ujauzito alikuwa hana njia ya kurudi kwenye shule ya serikali. Novemba 2021 wizara ilitangaza kwamba anaweza kurudi. Chati iliyopitwa na wakati inaweza kumfungia msichana mlango ambao serikali imeshaufungua, na yeye hatajua kamwe kwamba angeweza kuugonga.

Ndoa ndiyo mtihani mgumu zaidi wa usahihi. Mabango mengi husema tu kwamba ni marufuku kumwoza mtoto chini ya miaka 18. Lakini Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na 14 kwa idhini ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Wakati huohuo Sheria ya Elimu, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, inamtishia kifungo cha miaka 30 anayemwoa mwanafunzi. Haya yote hayatoshi kwenye bango moja, lakini mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye dada yake aliolewa na miaka 16 anastahili kuyajua. Ukimpa sentensi moja isiyo na maelezo, atalinganisha na aliyoyaona kwao na kuamua kwamba somo zima ni maneno matupu. Historia ya shauri lile inamfunza pia kwamba sheria ina wenyewe, inaweza kupelekwa mahakamani, na aliyeipeleka alikuwa Mtanzania.

Nafika mahali ambapo zana nyingi huvunjika. Mwalimu anatundika chati yenye maneno "Mtoto ana haki ya kulindwa dhidi ya ukatili", na fimbo iko juu ya meza. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara kanuni za elimu bado zinaviruhusu, visizidi vinne kwa mara moja, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu. Wanafunzi wenu wengi hawajawahi kusikia kwamba daftari hilo lipo. Wanachojua ni mwalimu wa zamu getini asubuhi, na idadi inategemea alivyoamka.

Wengine watawashauri muiruke mada hii kwa kuwa ina aibu. Mimi nasema mpeleke kanuni hiyo darasani kama ilivyo, muiweke pembeni ya Maoni ya Jumla Na. 8 ya mwaka 2006, ambamo Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilisema wazi kwamba adhabu ya viboko ni kinyume cha Mkataba. Wasomeeni wanafunzi nyaraka zote mbili. Wataona kwamba nchi yao imesaini jambo moja na kuendelea na jingine, na kwamba mjadala huo haujafungwa. Hiyo ni elimu ya uraia ya kweli. Lakini mwalimu anayepiga hawezi kuifundisha. Hakuna kanuni inayomlazimisha mwalimu yeyote kushika fimbo, na nawasihi, kabla hamjatundika chati ile, iondoeni fimbo mezani na msiirudishe. Sijaona zana ambayo wanafunzi huisoma kwa makini kuliko mkono wa mwalimu wao.

Vitu vya kawaida vya maisha pia ni zana, tena havigharimu chochote. Kadi ya kliniki inaonyesha haki ya afya kwa tarehe na mihuri. Fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza inaonyesha nini shule inadai na nini hairuhusiwi kudai. Sheria ndogo za shule, zile zilizobandikwa kwenye mlango wa ofisi, zinaweza kusomwa sentensi kwa sentensi pamoja na Sheria ya Mtoto. Nakala ya mfano ya cheti cha kuzaliwa ni nzuri, lakini msiwaagize wanafunzi walete vyao kutoka nyumbani. Wasionacho watasimama mikono mitupu, na kukosa cheti si kosa lao.

Suala la lugha nitalitaja kwa ufupi, ingawa linaniuma. Katika sekondari za Tanzania somo la Uraia limefundishwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi. Msichana anayejua kukariri vifungu kwa Kiingereza lakini hana maneno ya kumweleza mtendaji wa mtaa kilichompata, hajafundishwa haki zake. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Basi somo la haki lisibaki nyuma ya mahakama. Pelekeni maandishi ya Kiswahili, igizeni mazungumzo ya ofisini kwa Kiswahili, mtihani mtautafutia njia yake.

Na wanafunzi wenyewe washirikishwe kuchagua. Ibara ya 12 ya Mkataba inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na zana za somo hili zinamhusu. Daktari wa Poland, Janusz Korczak, aliyeendesha nyumba ya yatima mjini Warsaw, alianzisha mwaka 1926 gazeti lililoandikwa na watoto wenyewe. Nyumbani kwake watoto walikuwa na mahakama yao, na yeye mwenyewe angeweza kushtakiwa humo. Hamhitaji gazeti. Wekeni vitabu vitatu au vinne mezani, wapeni viranja na wasio viranja wiki moja wavisome, kisha waulizeni kipi kinasema kweli kuhusu maisha yao na kipi kinawadanganya. Watawashangaza kwa ukali wa macho yao.

Bado jambo moja, nalo lifanyike kabla ya andalio la somo. Chati nyingi siku hizi zina namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo hupigwa bure Tanzania na Kenya. Iandikeni, ni namba muhimu. Lakini mwanafunzi wa bweni haruhusiwi simu, na wa kutwa anatumia ya baba, ambaye huenda ndiye anayemkimbia. Kwa hiyo chini ya namba hiyo andikeni majina ya watu, kwa penseli kwa sababu watu huhamishwa: mwalimu wa ushauri nasaha, mtendaji wa kijiji au mtaa, afisa ustawi wa jamii, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara inamtwika kila mwanajamii mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa wajibu wa kuziripoti kwenye mamlaka ya serikali za mitaa, na mwalimu ni mwanajamii. Basi mkifika kwenye vituo vyenu vya mazoezi, wiki ya kwanza, kabla ya kuingia darasani na somo hili, nendeni mkawaone watu hao mmoja mmoja. Waulizeni wanafungua ofisi saa ngapi, wanampokeaje mtoto anayekuja peke yake, na mwalimu akimleta mtoto saa kumi na mbili jioni ataonana na nani. Wasiokuwa na jibu msiwaandike kwenye chati, na muwaulize tena wiki inayofuata.